UZI: Nilikua mkalimani wa timu ya mbwa waokoaji Uturuki 2023, nayaandika hapa

MwanaLangoni (mwenye uzi)

Asalam aleikum ndugu zangu, habari zenu nyote wa Lamu, Malindi, Mombasa na kwengineko. Haya mambo nimekaa nayo muda mrefu na sikua na nia ya kuyaandika, lakini wiki iliopita hapa kwetu Langoni ukuta wa nyumba moja ya kale uliporomoka usiku wa mvua. Alhamdulillahi ndani hamkua na mtu. Ila kabla hatujajua kama mna mtu ama hamna, mtaa mzima ulikua ushapanda juu ya kile kifusi, huyu anaita, yule anavuta boriti, vijana wanarusha mawe, tochi za simu kila upande, kina mama wanalia, na mimi nikajikuta nimesimama katikati nimeinua mkono juu napiga kelele nyamazeni, nyamazeni, nyamazeni. Kijana mmoja akaniuliza we vipi? Sikuweza kumjibu pale.

Nilikua nasoma Gaziantep, kusini mwa Uturuki. Tarehe 6 Februari 2023 saa 10 na dakika 17 alfajiri (saa za kule na za huku ni sawa, kwa hio na nyinyi mlikua bado mmelala) likapiga tetemeko la 7.8, na siku hio hio mchana saa 7 na dakika 24 likapiga jengine la 7.5. Jengo letu lilipasuka lakini halikuanguka. Tukalala nje kwenye theluji, na mtu wa Lamu baridi ile hana hata jina lake. Waliokufa Uturuki peke yake walipita elfu 50, na Syria maelfu mengine.

Serikali ya kule ikatangaza hali ya dharura daraja la 4, ambayo maana yake ni kuomba msaada wa nje, basi timu za uokoaji zikamiminika kutoka kila pembe. Wana vifaa, wana mbwa, ila hawajui Kituruki. Mwenye nyumba anawaeleza mwanangu amelala chumba hiki, wao wanamtizama tu. Ndo wakaanza kutafuta wanafunzi wageni wanaojua Kituruki na Kiingereza. Nikajiandikisha, nikapangiwa timu moja ya Ulaya iliokua na mbwa 4, tukapelekwa mji wa Adıyaman. Sitaji jina la nchi yao kwa sababu kuna watu wa kule ambao yao ntayasimulia na sitaki wajulikane.

Mimi nimezaliwa Lamu, mji wa punda na paka. Mbwa kwangu alikua ni kitu cha kuhamia upande wa pili wa njia. Kwenye gari nilikaa kiti cha nyuma kabisa, na nyuma ya kile kiti ndo kulikua na masanduku yao, nasikia pumzi zao shingoni njia nzima.

Ntaendelea baada ya isha inshallah.

PwaniYetu_Mld

Endelea kaka tuko hapa. Swali la haraka, hao mbwa wanachimba wenyewe ama wanaonyesha tu?

BintiShela

Pole sana kwa uliyoyaona. Mi nakumbuka picha za yule mbwa wa Mexico alokua na miwani na viatu, Frida, baada ya tetemeko la Septemba 2017. Alikua wa jeshi lao la wanamaji, walisema kwenye kazi yake yote aliwapata watu 12 wakiwa hai. Alikufa Novemba 2022, miezi mitatu tu kabla ya hilo la Uturuki.

MwanaLangoni

@PwaniYetu_Mld hawachimbi. Wakichimba wataangusha kilichobaki. Ntakueleza nilivyoona manake hata mimi nilikua najua vile vya kwenye sinema.

Kwanza timu haiingii tu. Inatua uwanja wa ndege inajiandikisha meza ya mapokezi, tuko watu kadha, mbwa kadha, tunaweza hili na hili, inapangiwa eneo. Mpango wenyewe unaitwa INSARAG, uko chini ya Umoja wa Mataifa tangu 1991, manake tetemeko la Mexico la 1985 na la Armenia la 1988 waokoaji wa nchi mbali mbali walifika wakawa wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Timu ya daraja la juu lazima iweze kufanya kazi sehemu mbili kwa mpigo, usiku na mchana, siku 10, tena ije na hema, maji, mafuta na chakula chake. Hawaruhusiwi kula cha mwenyeji aliefiwa.

Sasa kwenye kifusi. Mashine zote zinazimwa, watu wanashushwa, halafu kunaombwa kimya. Waturuki wanaita kwa sauti moja, "Sesimi duyan var mı?", yaani kuna anaesikia sauti yangu? Halafu mtaa mzima unanyamaza, mamia ya watu, hata mtoto mchanga anazibwa mdomo na mamake. Sijawahi kusikia kimya kama kile maishani. Ndo kile nilichokua nawaomba watu hapa Langoni.

Hapo mbwa anafunguliwa. Hana ukosi wala mkanda, manake nondo ikimnasa shingoni itamnyonga. Na wengi hawavai viatu, kucha ndo zinamshikilia asiteleze. Anapanda peke yake, mwenye mbwa amesimama mbali anamuelekeza kwa mkono.

Kinachonuswa si nguo ya mtu fulani kama mbwa wa polisi. Ni harufu ya binadamu yeyote aliehai, pumzi, jasho, vile vipande vidogo vidogo vya ngozi vinavyotudondoka bila sisi kujua. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tunavyo milioni 5 au 6. Lakini harufu haipandi moja kwa moja. Mtu wa Lamu ataelewa haraka: mkifukiza udi nyumba kati, anaeusikia mwanzo si alieko kiwandani (pale uani), ni jirani wa upande wa pili wa wikio (kile chumba kinachopita juu ya njia), manake ule moshi umefuata upenyo wake. Kifusi ni hivo hivo. Mtu yuko huku, harufu inatokea kule, na mwenye mbwa kazi yake ni kusoma upepo, baridi na vile sakafu zilivyolaliana ndo akisie mtu yuko wapi.

Mbwa akipata anabweka, anabaki pale pale anabweka. Anatolewa, analetwa mbwa wa pili, na mwenye mbwa wa pili alikua amegeuzwa mgongo hajui wa kwanza kabwekea wapi. Wakikubaliana wawili ndo zinaingia mashine za kusikiliza na kamera za mti mrefu, halafu mbao za kuegemeza, halafu kukata zege, saa na saa.

Kila zamu ni dakika 20 au 30, kisha anapumzishwa, manake kunusa ni kazi kweli kweli na vumbi linamjaa. Na mshahara wake ni kampira. Kafunzwa karibu miaka miwili kwamba binadamu aliejificha ndo mwenye kampira. Kwake yeye ule ni mchezo wa kibe.

Siku ya tatu hawakupata mtu tangu asubuhi, nikamuona mwokoaji mmoja anaenda kujilaza ndani ya shimo, wenzake wanamfunika na ubao. Mbwa akaachiwa, akampata, akabweka, akapewa kampira chake, wakamshangilia. Nikakasirika, nikawauliza nyinyi mnacheza hapa? Yule mama mwenye mbwa akaniambia mbwa akikosa mtu hai siku nzima anavunjika moyo anaacha kutafuta, New York 2001 walifanya vile vile. Nikaona haya.

MzeeWaDaka

Salaam mwanangu. Umesimulia vyema. Lakini mimi ni mtu wa kale na nitasema langu. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi. Jibwa lipite yuu ya nyumba ya Kiislamu, liguse nguo, liguse maiti, kisha watu washukuru? Nyumba yangu ikianguka nitoeni kwa mikono yenu, na mkishindwa niacheni. Mbwa nafasi yake ni ndiani, si nyumbani.

Ustadh_Siyu

Shikamoo mzee wangu. Sina nia ya kukupinga mbele za watu, ila wanafunzi wangu wanasoma hapa kwa hio niweke wazi kidogo.

Hukumu ya Shafi inajulikana, mate na maji maji ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Ila kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Na hii ni mlango wa tohara mzee wangu, kitu kinachooshwa kikatoka. Mbwa aliefunzwa ametajwa kwenye Qur'an Suratul Maida aya ya 4, na mawindo yake tukahalalishiwa kula. Watu wa pangoni mbwa wao ametajwa pamoja nao. Yule mtu aliemteremkia mbwa kisimani akamtilia maji kwenye kiatu chake alisamehewa dhambi zake, hadithi iko kwa Bukhari. Na hio hio Maida aya ya 32, mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Sasa mbwa anamsaidia mtu kufika kwenye hio aya.

Nyumba ya mzee wangu Mungu aihifadhi. Ikitokea nitakuja mimi mwenyewe na ndoo ya maji na udongo.

MwanaLangoni

Mzee wangu shikamoo, sikukasirika hata kidogo, maneno yako ndo yaliokua kichwani mwangu siku ya kwanza. Na ustadh ahsante. Acha niwasimulie Shafi mwengine.

Waturuki wengi ni Hanafi lakini kule mashariki Wakurdi ni Shafi kama sisi. Adıyaman tulikuta mzee mmoja, Mkurdi, jengo la ghorofa 5 limekaa chini, sakafu zimelaliana kama mikeka ya msikiti iliopangwa. Mjukuu wake wa kike yuko ndani. Yeye na wanawe walikua wanachimba upande wa nyuma siku ya pili ile, kwa mikono na sururu, kwa sababu chumba cha yule mtoto kilikua nyuma. Mbwa, Labrador jike mweusi, kaachiwa, hakwenda nyuma. Alizunguka, akapanda upande wa ngazi, akabweka pale.

Mzee akaniambia waambie mbwa wao kakosea, huko ni kwa jirani na jirani alisafiri. Nikawaambia. Yule mama mwenye mbwa akasema naomba umjibu kwa heshima, mimi siongezi wala sipunguzi aliosema mbwa. Akaletwa wa pili, akabweka hapo hapo. Wakaweka mashine ya kusikiliza, pakagongwa mara tatu kwenye zege, tukangoja, na kutoka chini kukagongwa. Kumbe sakafu ilivyoteremka iliteleza ikamhamisha mtoto na kitanda chake. Masaa 11 wamekata. Alitoka karibu na alfajiri, uso wote mweupe kwa vumbi, akauliza maji. Mamake hakutoka hai.

Asubuhi yule mzee akaja kwenye hema letu anataka kuiona "ile yeusi". Mbwa amelala kwenye blanketi, kaamka, kamuendea, kamlamba kiganja. Mzee hakuvuta mkono. Alikaa hivo mpaka mbwa alipomaliza mwenyewe. Halafu akaniambia, mimi ni Shafi, naomba unimiminie maji. Akaenda chini ya mti uliokua mbele ya jengo lake, akafukua theluji kwa kisigino, akachota udongo. Mimi ndo nilimmiminia kwa chupa, mara saba, nikihesabu kwa sauti, na mikono yake inatetemeka kwa baridi. Akamaliza akasali rakaa mbili pale pale kando ya masanduku ya mbwa.

Tangu siku ile sijahamia upande wa pili wa njia.

BintiShela

Subhanallah. Nimelia.

DaktariMifugo_Mld

Naomba nichangie kidogo mimi ni wa mifugo hapa Malindi. Watu wameniuliza inbox kwa nini Kenya tusichukue mbwa hawa wa mitaani tukawafunza. Si kabila la mbwa tu, ni tabia. Wanachaguliwa wangali wadogo, anatizamwa yule asietosheka na kutafuta kampira, asieogopa kelele wala mahali panapotikisika. Wengi wanafeli. Na mwenye mbwa nae anafunzwa miaka ile ile, wanapimwa wote wawili kwa pamoja. Waswisi wana chama chao cha mbwa waokoaji, REDOG, tangu 1971, hawa si watu walioanza jana.

Pua tunazo Kenya msidhani hatuna. Bandari ya Mombasa kuna mbwa wa KWS, shirika la wanyamapori, wananusa pembe za ndovu ndani ya makontena, na kazi wanaifanya vizuri. Ila huyo kafunzwa pembe, hawezi kugeuzwa kesho akatafute mtu kwenye kifusi.

Jambo la pili ni safari. Mbwa wa timu kama hizi anakua na chipu ya utambulisho, chanjo ya kichaa cha mbwa na makaratasi tayari mwaka mzima, manake simu ikilia wana masaa machache tu. Huku kwetu bado tunagombana na watu walete mbwa wao wachanjwe, na kichaa cha mbwa kinaua watoto. Tafadhalini mleteni mbwa wenu.

Na kule Uturuki mbwa mmoja alikufa kazini, Proteo, wa jeshi la Mexico, German shepherd. Uturuki ikawapa Mexico mtoto wa mbwa wa aina ile ile. Walimpa jina Arkadaş, mwenye uzi atatuambia maana yake.

MwanaLangoni

Arkadaş ni rafiki, daktari.

MamaKizingo

Mimi nilikua Nairobi 1998 naishi na dada yangu. Ijumaa ile tarehe 7 Agosti, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, jengo la Ufundi lililokua pembeni likalala chini lote. Watu 213 walikufa. Tulikwenda kusaidia kama kila mtu, na ndo ninachotaka kukisema, mwanzo tulikua ni sisi, raia, mikono mitupu. Waisraeli walikuja na mbwa na vifaa siku ya pili yake. Nawakumbuka wale mbwa, na nakumbuka watu wakirudi nyuma kwa woga na wengine wakiguna. Walitoa watu hai pale.

Ila mnakumbuka pia yule mama aliekua anazungumza na waokoaji kutoka ndani, nchi nzima inamuombea, redio kila saa wanatuambia bado anaongea. Walipomfikia alikua ameshakufa. Mimi mpaka leo nikisikia neno kifusi ndie yeye namkumbuka.

Huruma 2016 nako, ghorofa lilianguka tarehe 29 Aprili usiku wa mvua, mtoto mchanga alitolewa hai baada ya masaa kama 80, na siku ya 6 wakatolewa wengine hai. Kwa hio msiambiwe na mtu siku tatu zikipita ndo basi.

FundiChokaa

Wadau mimi ni fundi wa nyumba za kale hapa Mkomani, nimekua nikiusoma huu uzi nikiwaza nyumba zetu. Hizi ni matumbawe na chokaa, ukuta mnene nusu mita, juu boriti za mikoko, mawe, na chokaa tena. Ni nzito. Zikishuka zinashukaje? Mwenye uzi uliona nyumba za namna hii kule?

MwanaLangoni

Fundi, Adıyaman nilioyaona mengi ni zege. Zege likivunjika linaacha mapango, ubao mkubwa umeegemea kitanda, umeegemea friji, mtu anapumua pale chini. Soma ya Morocco, Septemba 2023, lile la 6.8 la milima ya Atlas, karibu watu elfu 3 walikufa. Nyumba za vijijini zilikua za udongo na mawe, zikianguka zinarudi kua udongo, hamna pango la hewa. Mbwa walifika lakini watu hai walikua wachache. Jirani ndie aliekua na nafasi, yule alieanza kuchimba saa ile ile.

Za kwetu naziona ziko katikati. Matumbawe yakilowa chokaa ikachoka yanamiminika. Lakini boriti zetu ni fupi, ndo maana vyumba vya Lamu ni vyembamba, na zile boriti zikishuka upande mmoja zinaegemea ukuta wa pili zinaacha nafasi kama dari ya jahazi. Wewe fundi utanirekebisha.

Watu wa huku wanasema Lamu hakuna tetemeko. Bonde la Ufa liko mbali na sisi kweli, Subukia 1928 lilikua la 6.9, Bukoba 2016 la 5.9 likaua na kubomoa majumba. Sisi tuna mvua, tuna misumari ya umeme kwenye ukuta wa miaka mia mbili, tuna mtu anaongeza ghorofa ya tofali juu ya matumbawe. Nyumba haijali imeangushwa na nini. Na hakuna mbwa atakaefika Lamu ndani ya masaa yale ya mwanzo, hata ukampigia nani. Kule kule Uturuki wengi waliotoka hai walitolewa na majirani kabla ndege ya kwanza haijatua.

Kitu kilichotusaidia sana kule ni mtu aliekua anajua nani analala wapi. Sio jina, chumba. Bibi yuko sabule (chumba cha wageni), watoto wako darini, mgeni alifika jana. Nyumba nyengine tulipoteza masaa kwa sababu hakuna aliebaki wa kutwambia. Hapa Langoni usiku ule watu watatu walinipa majibu matatu tofauti, mara ina mpangaji, mara haina, mara mpangaji karudi Faza.

FundiChokaa

Za boriti uko sawa, kuoza zinaanzia zilipoingia ukutani ndo mana huwezi kuona. Ukiona chokaa imevimba pale juu usiipake rangi, niite. Mitaa yangu mitatu hii ntaanza kuuliza hilo la nani analala wapi, watu wananijua hawatanishuku.

PwaniYetu_Mld

Kaka swali moja, kama litakua zito achana nalo. Umesimulia mbwa akibweka. Asipobweka? Wewe ndo mkalimani, si wewe ndo ulikua ukiwaambia wenyewe? Uliwaambiaje?

MwanaLangoni

Nimekaa na hili swali siku mbili. Najibu kwa sababu ndo kilichonifanya niandike.

Wale mbwa wamefunzwa kumtafuta mtu hai. Maiti wana mbwa wao wengine. Kwa hio mbwa akipita akashuka kimya, ile nayo ni habari. Na watu wanaielewa haraka. Baada ya siku mbili mtaa mzima unajua, macho yote yako kwenye mdomo wa mbwa.

Siku ya nne, jengo la mtaa wa pili, mama mmoja kijana wake wa miaka 19 yuko ndani. Mbwa wa kwanza akapita, kimya. Wa pili, kimya. Yule mama akaomba warudie, wakarudia, kimya. Mwenye mbwa akaniambia mwambie mbwa wetu hawakuonyesha dalili ya mtu hai, tunasikitika, inabidi tuende jengo jengine. Ni sentensi moja, nilikua nishaitafsiri mara nyingi siku zile. Yule mama akanishika koti kwa mikono miwili. Nikamwambia wamechoka mbwa, watarudi.

Hakuna aliesema watarudi. Ni mimi. Na yule mama mwenye mbwa hajui Kituruki, akatikisa kichwa kwa huruma, na mamake kijana akaona ndo amehakikishiwa.

Kesho yake jioni tukapita mtaa ule kwa gari. Nikamuona amekaa kwenye kiti cha plastiki pale pale, mbele ya kifusi, na nyuma yake kuna tingatinga limezimwa. Nikashuka. Kaka yake akaniambia dereva wa tingatinga amekuja tangu asubuhi, dada hataki aanze, anasema mbwa watarudi, na mashine ikianza itamuua mwanangu. Usiku mzima amekaa kwenye baridi ile kwa ajili ya neno langu, na majirani wengine wenye maiti zao mule mule wanangoja nao.

Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia mama, jana sikukwambia walichosema. Hakunitukana. Akaniuliza mbwa alisemaje. Nikamwambia hakubweka. Akaniuliza hata mara ya tatu? Nikamwambia hata mara ya tatu. Akakaa. Halafu akainuka, akakibeba kile kiti mwenyewe akakisogeza kando, akamwita kakake akamwambia mwambie aanze.

Walimtoa kijana usiku ule baada ya isha. Nilikuepo.

Pale Langoni nilipokua napiga kelele nyamazeni, nilitaka kusikia kama kuna mtu. Na kama hakuna, nilitaka niwe nimesikia mwenyewe ndo niseme.

BintiShela

Kaka Mungu akupe subra.

MzeeWaDaka

Mwanangu, nimesomewa hii na mjukuu wangu mara mbili, mato yangu hayaoni vyema simu. Uje kwangu kesho baada ya magharibi, nitakuwekea kahawa. Na huyu alokuuliza we vipi siku ile ni huyu huyu mjukuu wangu, amenikiri. Atakuwako. Nyumba yangu tunalala watu sita, mimi sabule, bibiyo ndani, wanne darini. Mwambie na fundi aje aangalie boriti.